Msimu wa Ishirini na Sita

Jumapili, saa moja na nusu jioni, Winnipeg.
Nje gari limechomekwa waya ukutani kama simu,
lisije likaganda usiku likatuaibisha asubuhi.
Ndani tumebanana wanne kwenye kochi la watatu
tukingoja katuni ya wakubwa
ambayo wote tumekwisha kuapa hatuitazami tena.

Fundi bomba yule yule, kitambi kile kile.
Rakuni wake yule yule, wakili asiyeshinda kesi.
Miaka ishirini na sita hawajaota hata mvi,
na mimi nimebadilisha miwani mara nne.

Sefu, katoka zamu ya kiwanda cha mikate,
unga bado kwenye nyusi, hangoji hata matangazo yaishe:
"Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji."
Orest wa ghorofa ya juu anataka kujua tunacheka nini.
Namweleza: mgema, sifa, maji.
Anafikiri. Anatema ganda la alizeti kiganjani.
"Kwetu," anasema, "huyo mgema angepigwa."

Kila mtu ana tarehe yake ya mazishi.
Kwa Sefu, msimu wa tisa,
walipoanza kuufafanua mzaha baada ya kuutoa,
kama mtu akupaye pipi kisha akakutafunia.
Kwa Tunu, binti yangu, hakuna maiti:
yeye aliikuta msimu wa kumi na nane
na hiyo ndiyo enzi ya dhahabu;
ile michoro yenu ya zamani, anasema,
imechorwa ndani ya basi linalokimbia.
Kwa Orest, msimu wa kumi na tano.
"Sauti ya mke wa fundi. Waliweka mwingine."
Ni kweli. Mpya ni ile ile, ila imepigwa pasi.
Lakini nilihesabu kwa vidole chini ya blanketi,
mwaka ule, baridi ile,
na kicheko cha Daria kilichokuwa kikipenya dari yetu
kabla hata mzaha haujafika mwisho,
nikavikunja vidole.

Mimi? Mimi nina deni.
Nusu ya Kiingereza changu nilikiokota humo.
Kwenye usaili wa kazi ya kufua mashuka hospitalini
nilimjibu yule mama kwa maneno ya rakuni,
sikujua kama ni matusi.
Akacheka mpaka akafuta macho. Nikaajiriwa.
Na ile sehemu ya bafu lililopasuka, msimu wa nne:
mara ya kwanza katika nchi hii
nilicheka pamoja na wengine,
si sekunde mbili baadaye,
si kwa kuwatazama meno.
Sitautukana mlango nilioingilia
kwa sababu bawaba zimeanza kulia.

Lakini leo ni mbovu. Nasema wazi.
Wamemleta binamu ambaye hakuna aliyemwomba,
wamempeleka fundi mwezini, tena.
Sefu anakoroma. Orest kasema "upuuzi"
mara tatu, kwa lugha tatu.
Kisha rakuni anafungua friji usiku,
anasimama kwenye ule mwanga,
kasahau alichokifuata.
Sekunde nyingi. Hakuna muziki, hakuna neno.
Mbegu imekwama kati ya meno ya Orest.
Tunu kaweka simu chini.
Halafu bomba likapasuka, kama kawaida yake,
na kelele zikarudi.

"Upuuzi," akasema Orest mlangoni,
mguu wa kulia ndani ya buti la Sefu.
Nikamwacha apige hatua moja kabla sijamwambia.
Jumapili ijayo?
"Nitakuja. Nione imeoza kiasi gani."

Maganda ya alizeti niliyaokota kwenye zulia
mpaka Jumatano.